Upande Wake wa Sinia

Dada yangu alikata simu mara tu alipolisikia neno "sahani". Hivyo ndivyo ugomvi wetu juu ya boti ulivyoanza, na boti yenyewe alikuwa hajaiona hata kwa mbali.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianzia katikati hata mimi mwenyewe hupotea. Ninakaa Mbale, Namakwekwe, vyumba viwili vya kupanga, mimi na mjukuu wangu wa kike. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Uarabuni. Bibi yake, mke wangu, tulimzika kabla mtoto hajaanza shule. Nilikuwa askari wa magereza mpaka nikastaafu. Masomo yangu yaliishia darasa la sita, kwa hiyo sijui kama naandika haya jinsi yanavyotakiwa kuandikwa. Najitahidi tu nisimwonee mtu. Dada yangu mkubwa anakaa Wanyange, upande wa Jinja, na kila Idi ukoo wetu hukusanyika kwake.

Mjukuu ana kisukari. Siyo kile cha wazee. Hiki kinawapata watoto, na dawa yake ni sindano ya kila siku, na nyingine kabla ya chakula kikubwa. Nesi aliyetufundisha alitumia kikombe cha plastiki. Chakula hakikatazwi, alisema, bali kinapimwa: ukimchoma sindano ya vikombe viwili vya wali, ale vikombe viwili. Akizidisha, sukari inapanda. Akipunguza, inashuka, na kushuka ndiko kubaya zaidi kwa sababu kunakuja mbio. Niliyashika maneno hayo kama nilivyoshika zamani amri za lango. Labda nimeyashika mno. Sijui.

Mwaka jana shule yake ilipeleka darasa lao Jinja kuona mahali mto unapotoka ziwani. Yeye aliachwa. Mwalimu wake alikuja nyumbani mwenyewe kunieleza, na kwa hilo namheshimu, maana angeweza kumtuma mtoto na karatasi. "Mzee," akasema, "nikiwa juu ya maji na watoto wote wale, na huyu aniangukie, mimi nitafanya nini?" Hata mimi ningeogopa. Siku wenzake walipoondoka, mtoto hakulia. Aliichukua sare yake ya shule, iliyokuwa safi, akaifua. Akaianika. Jioni akaianua, akaipiga pasi, akaikunja. Nilimtazama mpaka nikashindwa, nikasema kwa sauti ambayo sikuipanga, "Idi tutapanda boti sisi wenyewe. Ukoo mzima."

Sasa maneno yameshatoka, hayarudi.

Nilikwenda Jinja kutafuta boti. Mwenye duka mmoja wa Nalufenya alinielekeza kwa nahodha, bwana mnene mwenye kofia ya sufu hata juani, ambaye aliniamkia kabla sijafika karibu.

"Afande, karibu!"

"Umejuaje kama mimi ni afande?"

"Kiswahili hiyo unaongea na ule mama pale? Na viatu inang'aa namna hii? Hapa Kiswahili ni ya askari. Wewe ni jeshi."

"Magereza."

"Ee! Basi sitakupeleka mbali, utanifunga ndani ya boti yangu mwenyewe."

Nikampenda hapo hapo. Nikamuuliza habari ya chakula. Akasema chakula iko, kila mtu na sahani yake imefunikwa vizuri: chipsi, kuku, soda. Cha kutoka nje hapana, kinachafua boti. Nikamuuliza kuku wanachinjwa na nani.

"Na Mwislamu, mzee. Hata kuku yangu ya Krismasi ni yeye anachinja. Mimi nikichinja mwenyewe, mashemeji zangu hawagusi."

Nilirudi Mbale nimefurahi. Kila mtu na sahani yake! Mjukuu wangu angekaa kati ya wenzake na sahani yake, na wao na sahani zao, asitofautiane na mtu. Nikaona nimepata akili kubwa. Ndipo nikampigia dada.

"Sahani?" alisema. "Kila mtu na sahani yake siku ya Idi? Tumelazwa wodini, au tumekuwa wafungwa wako?" Simu ikakatika.

Nilikasirika usiku ule, sikatai. Lakini kesho yake nikakumbuka yale ambayo yeye hayasahau. Watu wetu walikuja zamani na jeshi kutoka upande wa Sudan, na sisi tulikulia kwenye nyumba za polisi Jinja, baba mmoja, mama wawili. Dada ni wa mama mkubwa. Mimi ni wa mama mdogo. Chumba kilikuwa kimoja na pazia katikati, na wale mama wawili kuna miezi walikuwa hawasemeshani hata salamu. Lakini chakula baba aliagiza kiwe sinia moja. Wote tulikaa chini tukalizunguka, wa mama huyu na wa mama yule, mkono huu na mkono ule. Kwa dada yangu mtu mwenye sahani yake ni mtu mwenye mama yake. Basi hakuwa mkaidi bure. Alikuwa ananiuliza kama bado mimi ni ndugu yake, na mimi nilikuwa nikimjibu habari za chipsi.

Hata hivyo sikuona njia. Sinia halina kikombe. Nani atajua mtoto amekula kiasi gani mahali ambapo mikono yote inaingia?

Nikaamua kumuuliza mwenyewe. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

"Kule kwenye boti ungependa sahani au sinia?"

"Sahani ni rahisi kwako, Babu."

"Nimekuuliza wewe."

Akatupa kijiwe uani. "Idi ile nyingine, kwa Bibi wa Wanyange, nilikula na sahani yangu kwenye kiti. Wenzangu walikuwa chini. Nilikuwa naona migongo tu."

Nilikuwepo siku ile. Nilimkalisha kwenye kiti mimi mwenyewe, kile kizuri chenye mto, nikidhani nampa heshima.

Nikaenda kwa jirani, mama mmoja Mgisu, kuazima sinia. Akaniuliza kama tunaoza binti. Nikamwambia hapana, tunapiga hesabu. Akanipa sinia na kunitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Nyumbani nikapika wali, nikapima vikombe vyake na kuviweka upande wake, halafu vyangu nikaviweka upande wangu. Tukakaa chini. Ile adabu tuliyofundishwa tukiwa wadogo kwa kupigwa vidole, kwamba kula mbele yako, usivuke mpaka, usichimbe katikati, ndiyo ikawa kipimo chetu. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa chake. Tukala hivyo siku kadhaa, na kila tulipopima damu yake baadaye, sukari ilikuwa mahali pake. Alicheka alipoona namba. "Babu, kumbe adabu ni dawa!"

Nikampigia dada tena. Nikamwambia sinia litakuwepo, lakini kuna sharti. Dada yangu, kama wanawake wote wa kwetu, akimpenda mtu hamwambii. Humsogezea. Anachagua kipande cha nyama laini, au fungu la wali lililoshika mafuta, anakisukuma kwa vidole mpaka mbele ya yule mtu, huku anaangalia pembeni kama vile si yeye. Ukikaa karibu naye hata ukishiba unasogezewa. Nikamwambia, "Mbele ya mtoto huyu mtu asisogeze kitu. Hata punje."

Dada akasema, "Afande, unanifunga mkono."

"Mmoja tu."

"Ndio huo ninaopendea watu." Lakini akacheka, na nikajua tumepatana.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida katika kila ukoo. Dada ana presha, kwa hiyo chumvi kidogo. Kitoto cha mpwa wangu kikinywa maziwa kinatapika, kwa hiyo mtindi hapana. Mke wa mpwa wangu huyo amelelewa kwao Wasabato, hali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare hapana. Tulipomaliza kuondoa, pilau ya mbuzi ndiyo peke yake haikuwa na adui. Nahodha naye na sheria yake ya chakula cha nje, niliogopa kumkabili. Siku chache baadaye akanipigia yeye.

"Afande, dada yako alikuja hapa. Sinia itapanda."

"Alikwambia nini?"

"Aliniuliza mama yangu alikuwa ananilishia kwenye nini."

Siku ya pili ya Idi tukapanda. Boti ilikuwa na paa na mabenchi pembeni, katikati tukatandika mkeka. Tulivalishwa majaketi ya kuelea, ya rangi ya njano. Dada akalitazama lake, akalitazama tena. "Hii rangi naijua," akasema. "Miaka yote ulikuwa unanitafuta, afande, leo umenipata." Hata wale watoto wasiojua wafungwa huvaa nini walicheka kwa sababu yeye alicheka.

Siwezi kuyaeleza maji vizuri. Ziwa lilikuwa limetulia, magugu yanaelea kwa mafungu, na ndege weusi wamekaa juu ya mti mkavu wakianika mabawa. Tulipofika pale mto unapoanza, nahodha alizima injini, na boti ikaanza kwenda yenyewe polepole. Mjukuu aliinama akatia mkono majini. "Unatuvuta," akasema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote. Niliwaza kuhusu darasa lake, kwamba wao walikuja, wakaona, wakarudi, na yeye sasa ameona pia, na hakuna atakayempunguzia hilo.

Dawa yake nilikuwa nimeibeba ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, imefungwa kwenye nailoni isilowane. Nilipima damu, nikahesabu, nikamchoma tumboni chini ya mtandio wa dada, ambaye alisimama mbele yetu akajifanya anatazama ng'ambo. Tukangoja dawa ianze kazi. Ndipo sinia likawekwa. Wali wake niliupima mimi kwa kikombe, mbele ya wote. Tukakaa chini. Goti lake lilikuwa kati ya goti la dada na la kile kitoto cha mpwa wangu, na mgongo wake ulikuwa katika duara la migongo yetu.

Nilikaa ng'ambo yake makusudi, nilinde mikono. Mkono wa dada ulitoka na mfupa mzuri, ukafika katikati, ukasimama. Watu wote wakautazama. Ukarudi taratibu, ukaingia kinywani mwake mwenyewe, naye akatafuna kwa uso wa mtu aliyeonewa. Kicheko hicho nadhani kilisikika mpaka Jinja mjini.

Niliilinda mikono yote. Hakuna punje iliyovuka kwenda kwake.

Lakini mtoto mwenyewe alisogeza. Nisiseme sikuona. Niliona. Alichagua fungu la wali lenye mafuta akalisukuma mbele ya kile kitoto, akaangalia pembeni. Halafu akamsogezea bibi yake. Halafu tena kitoto, ambacho kilikuwa kinakula kama kifaranga. Aliangalia pembeni sawasawa kama dada anavyofanya, na shingo ile ile. Niliona, na moyo wangu ukajaa. Nikasema, mtazame, amekuwa mtu wa kusogezea wengine. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mimi niliyekaa miaka langoni nikihesabu wanaoingia na wanaotoka, siku ile nilihesabu wa kuingia tu.

Sinia likaondolewa. Nahodha akawasha injini, tukaanza kurudi. Watoto walikuwa wanaimba ubavuni. Mimi nilikuwa nafunga chupa yangu.

Hapa lazima niseme jambo moja ili ieleweke. Shuleni mtoto huyu hasemi. Sukari ikishuka anajikaza, anainamisha kichwa kwenye dawati mpaka jirani yake amwone. Nimembembeleza, nimemgombeza, hasemi. Nesi aliniambia sindano si kitu, wala chakula si kitu. Siku atakapojisemea mbele za watu ndiyo siku nitakapoweza kulala. Na mimi sijawahi kuamini kwamba siku hiyo itafika.

Alisimama katikati ya boti, ameshika nguzo ya paa. Wimbo ulikuwa haujaisha. Akasema kwa sauti kamili, siyo kwangu peke yangu, "Natetemeka. Sukari yangu inashuka."

Mikono yangu ilikosa kazi kwa kitambo, naona aibu kuandika hivyo. Kisha ikakumbuka. Nikapima: ilikuwa chini kweli. Nilikuwa na glukosi mfukoni, lakini kabla sijaifungua nahodha alishamnyooshea soda yake mwenyewe, iliyofika nusu. "Kunywa, binti, kunywa. Midomo yangu ni safi." Akanywa. Nikamkalisha mkekani, jasho likimtoka puani. Nikashika kiganja chake, tukangoja.

"Nilimpa mtoto wali wangu," akasema. "Na Bibi. Nilisahau kuhesabu niliyotoa."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusogeza," dada akasema. "Kosa ni langu."

Nilitaka kusema ni langu. Nilipofungua mdomo, mjukuu akatutazama mmoja mmoja, amechoka, akasema, "Mnagombania nini? Nimeshasema, na soda nimekunywa."

Rangi ilianza kurudi usoni mwake. Sasa alihitaji kula, na kula peke yake, wakati wengine wameshanawa. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua sahani. Kweli, sahani ile ile ya nahodha iliyotugombanisha. Dada akanipita. Akaliteremsha sinia, akalipakulia pilau iliyobaki kwenye sufuria, akaliweka mkekani, akakaa. Akamega kidogo upande wake. Mpwa wangu naye akakaa. Mkewe akakaa. Watoto wakarudi, na kile kitoto, ambacho tumbo lake lilikuwa limebana kama ngoma, kikaingiza vidole. Hakuna aliyekuwa na njaa. Kila mmoja alichukua punje mbele yake, akatafuna polepole, akazungumza habari nyingine, za bei ya samaki na mvua ya Mbale, mpaka mjukuu akamaliza kiasi alichopungukiwa. Hakuna aliyemtazama akila. Nahodha alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Nyumbani Wanyange, dada alinivuta pembeni. "Nifundishe hiyo sindano."

"Dada, wewe macho yako..."

"Nina miwani. Nimezalisha wanawake kwenye zile nyumba za polisi kwa taa ya kibatari, nitashindwa na sindano kama ya nyuki?"

Nikaeleza vibaya, nikachanganya. Mjukuu akaninyang'anya. Alichukua chungwa, akamwonyesha bibi yake jinsi ya kuvuta dawa, kugonga mapovu, kuchoma, kuhesabu kabla ya kutoa. Dada alichoma machungwa mpaka yakavuja. Mtoto alikuwa mkali. "Tena, Bibi. Hapana, umeharakisha. Tena." Na dada, ambaye sijawahi kumwona akipokea amri ya mtu, akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Kisha wakaniambia walichokwisha kupanga bila mimi: atabaki hapo likizo yote iliyosalia.

Nilikataa. Nilitoa sababu nyingi na zote zilikuwa za kweli. Friji hakuna. Dada akasema atatumia chungu cha maji, kama ninavyotumia mimi. Hospitali iko mbali. Mpwa wangu akasema ana pikipiki. Nikamgeukia mtoto, nikitumaini ataniokoa.

"Babu," akasema, "nikitetemeka nitasema."

Sikuwa na sababu nyingine. Au nilikuwa nayo moja tu, kwamba nyumba ya Namakwekwe itakuwa kimya, na hiyo haikuwa sababu yake, ilikuwa yangu. Nilimwachia chupa, kikombe na kipimo. Nikasafiri peke yangu.

Asubuhi ya kwanza niliamka wakati wake wa sindano na nikakaa kitandani, mikono haina kazi. Sikupiga simu. Nilijikaza nisipige. Simu ikalia yenyewe. Dada anapoongea kwenye simu hupaza sauti kana kwamba sauti inakwenda kwa miguu. Akanitajia namba ya sukari. Ilikuwa nzuri. Akanitajia uji, vikombe, sindano, na kwamba mkono wake haukutikisika, au ulitikisika mara moja tu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko uani na wenzake, wanaosha vyombo, wanarushiana maji. Nimwite?"

Nilisikia kelele zao nyuma yake. Nilijaribu kuitafuta sauti yake kati ya zile nyingine, nikaikosa, zilikuwa zimechanganyika.

"Hapana," nikasema. "Mwache."